Huruma Huanza Mgongoni mwa Mama



Sisi makatekista tumezoea kuwapokea watoto wakiisha kupata miaka sita au saba, na hapo ndipo tunaanza kuwafundisha amri ya mapendo. Leo tunakiri mbele yenu kwamba tunachelewa. Mtoto aliyezaliwa jana, akisikia mwenzake analia, naye hulia. Wamama wa maternite wanalijua jambo hilo tangu zamani. Mtaalamu Marvin Simner alilipima, akaandika mwaka 1971 kwamba watoto wachanga walilia zaidi kwa sauti ya mtoto mwenzao kuliko kwa kelele nyingine yenye nguvu sawa. Hiyo haijawa huruma kamili. Ni mbegu, na mbegu yaweza kukanyagwa.

Tuliona hivyo katika shirika letu. Binti wa mwaka mmoja na nusu alimwendea mtoto aliyekuwa akilia, kwa miguu isiyo imara bado, akampa kiazi chake alichokwisha kukiuma. Mama yake akakichukua mbio: «Ni chako wewe, kula!» Hatumlaumu, njaa tunaijua sote. Lakini somo la siku ile lilikuwa Msamaria mwema, nasi tukaendelea kuimba.

Tena iko desturi ya jiwe. Mtoto akijikwaa na kuanguka, sisi wakubwa tunalipiga jiwe: «Jiwe baya! Tumekulipizia!» Mtoto ananyamaza, nasi tunafurahi. Je, amejifunza nini? Kwamba maumivu yake hutulizwa mwingine akipigwa. Katika sehemu hizi zetu za mashariki, ambako tangu 1996 vita imepita milangoni pa wengi, mafundisho ya kulipiza kisasi hayajakosa walimu.

Bibi mmoja alituuliza kwa ukali kidogo: «Nisipolipiga jiwe, nifanye nini?» Tulimjibu: Mama, umwinue, umtazame machoni, useme: «Pole, goti linauma.» Mtoto mdogo hajui kutaja maumivu yake, akitajiwa na mkubwa, polepole atayatambua hata kwa mwenzake. Na akimpiga mdogo wake, msikimbilie fimbo. Mwonyesheni yale machozi: «Tazama, analia, umemwumiza.»

Juma lililofuata bibi yule alirudi, akasema amejaribu. Mjukuu alilia kwa muda mrefu kuliko siku za jiwe. Baadaye, bibi alipojikata kidole akimenya mihogo, mtoto akaja kukipulizia. Na jiwe lenyewe, alisema, ameliondoa njiani.