Baada ya Kuondoa Vipandikizi vya Matiti
Akina mama, kipandikizi cha matiti si kifaa cha kudumu maisha yote. Mwaka 2021 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliagiza onyo hilo liambatane na vipandikizi vyote.

Wanawake wengi wamelalamikia uchovu usiokwisha, maumivu ya viungo, vipele na usahaulifu. Baada ya kuviondoa, wapo waliopata nafuu. Wapo ambao hali zao hazikubadilika. Anayekuahidi kupona kwa hakika anakuuzia matumaini. Na asiye na dalili yoyote hashauriwi kukimbilia kisu.

Kabla ya upasuaji, uliza: utando wa kovu unaokizunguka kipandikizi utaondolewa wote? Utapimwa maabara? Swali hili la pili lisisahaulike kamwe, kwani aina adimu ya saratani ya limfu imeonekana katika utando huo. Dai pia kadi yenye namba ya kipandikizi chako.

Huenda ukarudi nyumbani na mirija ya kutolea majimaji. Usinyanyue kitu kizito, hata mtoto, hadi daktari akuruhusu. Ukiona homa, usaha au uvimbe wa ghafla, rudi hospitali siku hiyo hiyo. Umbo la kifua nalo litabadilika; gharama za kulirekebisha, ziulize mapema.