Nyundo Moja Haifai kwa Kila Kazi

Leo tuzungumze juu ya chombo ambacho pengine umekiazima kwa jirani wiki hii: nyundo.

Hapa kambini nyundo moja huzunguka nyumba nyingi. Asubuhi inapigilia misumari, mchana inavunja mawe, jioni inakaza vigingi vya hema. Kuazimana ni jambo jema. Lakini kila nyundo ina kazi yake, na ukikosea unaweza kupoteza jicho.

Nyundo ya seremala, ile yenye kucha mbili nyuma, ni ya misumari. Unapong'oa msumari mrefu, weka kipande cha ubao chini ya kichwa cha nyundo. Msumari utatoka kwa urahisi, na mpini hautavunjika. Usiitumie kupasulia mawe wala kupigia tindo. Chuma chake kikigonga kitu kigumu kama chenyewe, kipande kidogo kinaweza kumeguka na kukuruka usoni kabla hujapepesa macho.

Kwa tindo na kunyoosha vyuma, tumia nyundo ya fundi chuma, ambayo upande mmoja ni bapa na wa pili ni wa mviringo. Kwa mawe na nguzo nene, tumia nyundo kubwa ya mpini mrefu, ukiishika kwa mikono miwili. Kwa patasi na vigingi vya mti, tumia nyundo ya mbao, kwa maana ya chuma huvipasua. Huna? Kata gogo fupi la mti mgumu, ulichonge mahali pa kushika.

Sasa mpini. Tikisa nyundo kabla ya kuanza. Kichwa kikicheza, usipige. Wengi wetu huiloweka majini ili mti uvimbe, lakini ukikauka kichwa hulegea tena. Dawa yake ni kupigilia kabari ndogo juu ya mpini.

Watoto wakae mbali. Chembe ikiingia jichoni, usilisugue wala usijaribu kuitoa. Lifunike bila kulikandamiza, uende kituo cha afya mara moja.

Na unapomrudishia jirani nyundo yake, kama mpini umelegea, mwambie. Huenda kesho ataishika mwanawe.