Gazeti na Anayelilipia

Nimepewa dakika chache, nami nitawasimulieni kisa cha Marekani. Mwezi wa Novemba 2007, Jeff Gerstmann, mhakiki wa michezo ya kompyuta katika GameSpot, aliupa mchezo wa Kane & Lynch alama 6 kati ya 10. Wakati huo huo matangazo ya mchezo huo yalikuwa yametapakaa katika kurasa hizo hizo. Mwezi haukwisha, akaachishwa kazi. Mwaka 2012 alieleza hadharani kwamba manung'uniko ya watangazaji yalichangia.

Mwaka 2008 yeye na wenzake walianzisha Giant Bomb, ambacho baadaye kilipata ada za wasomaji. Hata hicho kiliuzwa kwa makampuni makubwa, mpaka Mei 2025 baadhi ya waliokuwa wakikifanyia kazi walipokinunua wenyewe.

Haya yatuhusu nini? Gazeti letu hili limeahidiwa fedha za chapa na mfanyabiashara mmoja, kwa sharti asome kurasa kwanza. Ndiye aliyeezeka bweni letu, nasi tunayo makala juu ya paa hilo linavyovuja.

Naomba tukatae, tuchange wenyewe, hata kurasa zikipungua. Wazee walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Vijana wanaolala chini ya paa lile hawana gazeti jingine la kuwasemea.

Mchango wangu nimekwisha mkabidhi Mweka Hazina.