Gari Likigonga, Si Kila Mara Ni Shokapu

Yapo maneno ambayo kila mwenye gari katika mji huu ameyasikia, na pengine ameyatamka mwenyewe. Gari linapita kwenye tuta, linagonga, na abiria wa kiti cha nyuma anasema, "Shokapu hizo, bwana." Dereva naye anaafiki. Jumamosi inayofuata fedha zinatoka, shokapu nne mpya zinafungwa, na Jumatatu gari linagonga vile vile.

Leo nataka tuzungumze juu ya miguu ya gari, kama mafundi wetu wanavyouita mfumo ule wa springi, shokapu, mikono ya chuma, bushi za mpira na viungo vinavyoshikilia tairi. Na ili tusipotee katika maneno ya jumla nimechagua gari moja tu: Toyota Land Cruiser Prado ya umbo lile la kuanzia 1996 hadi 2002, ambayo watu wa yadi huitambua kwa maandishi ya chasisi kama KZJ95 au VZJ95. Iliyo changa kuliko zote za umbo hilo imekwisha kupita miaka 20. Hata hivyo bado zinauzwa, bado zinanunuliwa, na najua kwa nini. Inabeba ukoo mzima, ina chasisi kamili, inapita matopeni, na spea zake hazitafutwi kwa tochi. Mtu anayestaafu na kutaka kwenda kijijini kwake bila kuogopa masika, huifikiria Prado kabla ya gari jingine.

Jirani yangu mmoja, mwalimu mstaafu, ni mtu wa namna hiyo. Kwao ni Upare, juu kabisa milimani, ambako barabara ina ukuta wa udongo upande mmoja na korongo upande wa pili. Kiinua mgongo chake kilikuwa bado benki, na dalali alikuwa amekwisha kumwonyesha Prado ya 1998, nyeupe, iliyosuguliwa ikang'aa. Mwalimu akanikaribisha twende pamoja, nikamwomba tumchukue na fundi kijana anayefanya kazi za miguu karibu na mtaa wetu.

Dalali alitupokea kwa maneno matamu. "Mzee wangu, gari hii haina shida hata moja. Miguu yote mipya, chungulia mwenyewe." Tukachungulia. Kweli, shokapu nne zilikuwa mpya, rangi yake haijapata hata vumbi. Fundi akalala chini ya gari na tochi yake, akakaa huko kitambo, kisha akatoka akijipangusa. "Mwalimu, shokapu ni mpya kweli. Lakini shokapu siyo miguu."

Maneno hayo ya fundi ndiyo yaliyonifanya niandike mazungumzo haya.

Tuanze na shokapu yenyewe, au shokomzoba kama wazee wetu wengine walivyozoea kuiita. Wengi wanadhani ndiyo inayobeba gari. Siyo. Anayebeba uzito ni springi. Shokapu kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kurukaruka baada ya shimo. Ndani yake mna mafuta yanayolazimishwa kupita katika matundu madogo, na nguvu ya ule mrusho inageuka kuwa joto. Ndiyo maana ukitoka kwenye kilometa 50 za barabara ya vumbi yenye mawimbi, ukaigusa, utaondoa mkono haraka. Shokapu iliyokwisha haina lazima ya kugonga. Inaliacha gari lipepesuke kwenye kona, liiname pua ukikanyaga breki, na tairi lilike kwa mabonde mabonde ambayo unayasikia ukilipapasa kwa kiganja. Na ukiona mafuta yametiririka kwenye mwili wake, hapo hakuna ubishi.

Sasa ule mlio wa kugonga unatoka wapi? Katika Prado ya umri huu, mshukiwa wangu wa kwanza ni vile vifimbo vifupi vinavyounganisha stabilaiza, yaani ile nondo inayopunguza gari kulala kwenye kona. Mafundi huviita stabilaiza linki. Vikilegea vinagonga koto-koto-koto kwenye kila kijishimo, hasa ukienda polepole, na kelele yake ni kubwa kuliko thamani yake. Pamoja navyo zipo bushi za stabilaiza yenyewe, ambazo ni mpira mtupu. Vitu hivi viwili bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na shokapu nne. Ukisikia mvumo badala ya mgongo, mvumo unaozidi kadiri mwendo unavyozidi, hiyo ni habari nyingine, aghalabu ya beringi ya tairi.

Lakini kelele ya stabilaiza haijamwua mtu. Kinachoua ni kiungo ambacho kinaweza kunyamaza hadi siku ya mwisho, nacho ni bolijointi ya chini.

Naomba nikae hapa kidogo. Bolijointi ni kama nyonga ya binadamu: tufe la chuma limekaa ndani ya kikombe, limezungukwa na grisi, limefunikwa kwa kifuko cha mpira kuzuia vumbi na maji. Ndiyo inayounganisha mkono wa chini, yaani wishiboni, na kile chuma kinachobeba tairi, ili tairi liweze kupanda na kushuka na wakati huo huo kukata kona. Katika Prado hii springi inakaa juu ya wishiboni ya chini, na kiungo kimepangwa kwa namna ambayo uzito wa gari unalivuta tufe litoke kwenye kikombe chake. Kikiwa kizima, hakuna tatizo. Kikilika, hakuna kitu kingine cha kulizuia tufe. Linachomoka, tairi linakunjika chini ya madigadi, kona ile ya gari inakaa chini kwenye lami, na usukani unakuwa pambo. Wenye bahati huwakuta wanageuza gari polepole uani. Wasio na bahati huwakuta kwenye mteremko.

Si jambo la kubuni, wala si la gari la maskini peke yake. Mwaka 2005 Toyota yenyewe iliita magari mengi nchini Marekani yarudishwe kukaguliwa kwa ajili ya bolijointi za mbele, na miongoni mwake zilikuwamo 4Runner za 2001 na 2002. Gari hilo huku kwetu tunalijua kwa jina la Hilux Surf, na miguu yake ya mbele ni ya ukoo mmoja na ya Prado ninayoisema. Kule ilikuwa kasoro ya utengenezaji katika magari yaliyokuwa bado mapya. Huku kwetu kasoro ni miaka 20 ya mashimo, maji ya mafuriko na kifuko cha mpira kilichopasuka siku nyingi pasipo mtu kukitazama.

Na kuitazama nako kuna namna yake. Nimewaona mafundi wakiliinua gari kwa jeki chini ya chasisi, wakalishika tairi kwa mikono, wakalitikisa mara mbili na kusema safi. Yule kijana wetu hakufanya hivyo. Aliweka jeki chini ya wishiboni yenyewe, karibu kabisa na kiungo, akainua mpaka tairi likaachana na ardhi kidogo tu, ili uzito utoke kwenye tufe. Kisha akaingiza mtaimbo chini ya tairi na kulinyanyua, huku mwalimu ameinama na tochi akitazama kiungo. Upande wa kulia ulitulia. Upande wa kushoto ulicheza kama jino la mtoto.

"Hiyo kitu ndogo tu, mzee," dalali akasema. "Unabadilisha, yanakwisha."

"Basi ibadilishe wewe kwanza," mwalimu akamjibu, "ndipo tuongee bei."

Dalili nyingine zipo kwa asiye na mtaimbo. Kifuko kilichochanika. Mlio wa kukwaruza kama wa kitanda cha zamani unapozungusha usukani gari limesimama. Usukani usiorudi wenyewe vizuri baada ya kona. Ukiona mojawapo, usingoje mshahara. Na hapa niseme bila kumung'unya: sikubaliani hata kidogo na ule mtindo wa kuirudisha bolijointi iliyolika, ikabanwa upya, ikajazwa grisi na kufungwa kana kwamba ni nzima. Bushi ya stabilaiza ukiichonga kutoka kwenye tairi kuukuu, hasara yake ni kelele. Bolijointi ya kubanwa ni mtu kukubali kuendesha juu ya kitu ambacho kimekwisha kuonyesha nia ya kutoka. Zinunue mbili, kulia na kushoto, pamoja na bolti zake mpya, maana bolti nazo huchoka.

Twende kwenye bushi za wishiboni. Hizi ni mipira iliyobanwa ndani ya chuma ambako mkono unaungana na chasisi, na mpira hauhesabu kilometa peke yake, unahesabu na miaka. Dashibodi inaweza kusema kilometa 98,000, na wajuzi wa kurudisha nyuma kilometa tunao, lakini mpira uliopasuka na kukauka hausemi uongo. Zikichoka, gari linavutwa upande, na tairi la mbele linalika ndani, mahali usipopaona mpaka waya zichomoze.

Kuna kisa ndani ya kisa. Bolti zinazopita katika bushi hizi za chini ndizo zinazozungushwa wakati wa kupanga tairi, yaani alaimenti. Gari lililoishi kaskazini mwa Japani, tuseme Hokkaido, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, au lililoishi huku kwetu pwani miaka mingi, bolti hizo hushikana kutu na bomba la bushi zikawa kitu kimoja. Fundi wa alaimenti anajaribu, zinakataa, anakupa karatasi na kupokea fedha zake. Dawa ni grainda: zinakatwa, bushi mpya na bolti mpya zinawekwa. Ni kazi ya siku nzima na jasho, kwa hiyo kabla ya kununua gari uliza kama bolti hizo zinazunguka. Dalali hatajua. Fundi atajua.

Jambo jingine ambalo hata mafundi wazuri hulisahau: nati za bushi hizi zinakazwa mwisho gari likiwa limekaa chini kwa uzito wake. Ukizikaza tairi linaning'inia hewani, mpira unafungwa katika hali ya kujipinda, na gari likishushwa unabaki umepindika saa 24. Bushi ambayo ingekaa miaka inakwisha kwa miezi michache, na lawama anapewa Mchina aliyeitengeneza.

Huko nyuma sina mengi. Prado hii ina ekseli nzima yenye springi za mviringo, ni mpango mgumu kuharibika. Springi zake hunywea kwa kubebeshwa magunia, gari likakaa kitako na taa zake zikawamulika machoni wanaokuja mbele. Ukihisi mkia unahama pembeni kama vile unakupita kwenye kona, tazama bushi za ile fimbo ndefu inayoizuia ekseli isisogee kulia na kushoto. Wanaofikiria Prado iliyofuata, ya kuanzia 2002, wajue kuwa baadhi yake zina mifuko ya hewa nyuma badala ya springi. Mifuko hiyo huzeeka na kuvuja, na wenye nazo wengi huishia kuweka springi za kawaida.

Na kuna Prado za Japani zenye swichi ya kuchagua ulaini au ugumu wa shokapu. Yadi zikibadilisha shokapu huweka za kawaida, na swichi inabaki pale ikitazamana na dereva bila kazi yoyote. Ibonyeze uone. Ikiwa haibadilishi kitu, umekwisha kujua kwamba kuna mtu amepita hapo kabla yako.

Mwalimu aliinunua ile Prado. Bei ilishuka, si sana, lakini ilitosha bolijointi mbili, bushi za wishiboni pande zote na linki za stabilaiza. Shokapu mpya za dalali zilibaki hapo hapo, hazikuwa na kosa. Alaimenti ikafanywa mwisho kabisa, maana kuifanya kabla ya bushi ni kulipia kazi ambayo itavurugwa siku fundi atakapofungua nati ya kwanza. Safari ya Upare ikaahirishwa wiki mbili, na mama mwalimu akanung'unika kidogo kwa sababu mahindi yalikuwa yanangoja kubebwa.

Msikilizaji mmoja wa Tabata ameuliza kwa ujumbe atajuaje kama fundi kweli amebadilisha kitu huku yeye yuko kazini. Spea mpya inunue mwenyewe, uikabidhi kwa mkono wako, uikwaruze alama kwa msumari mahali unapopajua. Jioni mwambie akupe ile ya zamani. Bolijointi iliyotoka utaishika kwa vidole viwili na tufe lake litacheza lenyewe. Usimwachie gereji, ondoka nayo.