Kuchagua Tawi la Uhandisi: Maneno Yaliyosemwa Mbele ya Mkutano wa Wanachama



Jambo tulilolichagua laweza kuonekana kuwa ni la wahandisi wenyewe, wala si la watu wa kalamu kama sisi; walakini tukifikiri vema tutaona ya kuwa latuhusu sana. Kila mwaka, matokeo ya mitihani yakiisha kutangazwa, vijana wa ukoo na wa jirani hutujia ili tuwasaidie kupeleka maombi yao chuoni. Zamani waliletwa na fomu za karatasi. Siku hizi maombi hupelekwa kwa intaneti, lakini anayeombwa msaada ni karani yule yule. Kijana husema, "Mjomba, nataka uhandisi." Tukimwuliza, "Uhandisi upi?" hunyamaza, au hujibu, "Wowote, mradi nipate." Hapo neno moja tutakalomwandikia litashika miaka minne ya ujana wake, pamoja na fedha za wazazi waliouza ng'ombe au korosho ili asome.

Wazee walisema, mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo yamfaa mvivu atafutaye udhuru, bali haifai katika shauri hili, kwa kuwa matawi ya uhandisi ni kazi mbalimbali, na kila moja yataka mtu wake.

Na tuyatazame yaliyo makubwa. Uhandisi wa ujenzi ni wa barabara, madaraja, majengo na maji. Mwenye kazi hii hushughulika na udongo na zege. Huvunja vipande vya zege vilivyotimiza siku 28 apate kujua nguvu zake, na mara nyingi hukaa kambini, mbali na jamaa zake. Uhandisi wa mitambo ni wa injini, pampu, joto na mwendo. Wamfaa yule ambaye akiona mashine imekwama hatulii mpaka aijue sababu.

Uhandisi wa umeme ni wa kitu kisichoonekana kwa macho, kwa hiyo wataka mtu anayeiamini hesabu. Umeme upelekwao mbali hupandishwa volti. Kwani kwa kiasi kile kile cha umeme, volti zikiongezwa mara mbili mkondo huwa nusu, na umeme upoteao njiani kwa joto la nyaya huwa robo tu. Kijana ambaye macho yake hung'aa akisikia hesabu ya namna hii, huenda kazi yake ni hiyo.

Uhandisi wa kemikali ni wa viwanda vya sukari, sabuni, saruji na mfano wa hivyo. Wengi hudhani ni kazi ya kuchanganya dawa katika chupa, kumbe ugumu wake ni kuitoa kazi katika chupa na kuitia katika pipa. Chombo kikikuzwa mara mbili kwa kila upande, ujazo wake huwa mara 8, bali eneo lake la nje huwa mara 4 tu. Basi joto lililotoka upesi katika chombo kidogo hukawia katika kikubwa, na mhandisi hana budi kutafuta njia ya kulitoa. Yako na matawi mengine, kama madini, kilimo, kompyuta, mawasiliano, na vifaa vya hospitali.

Kijana akimwuliza mhandisi lipi lililo bora, atasifiwa lile la mwenye kujibu, kwani kila mwamba ngozi huvutia kwake. Na amtazame Bwawa la Mwalimu Nyerere katika mto Rufiji: ukuta ni kazi ya watu wa ujenzi, mashine 9 zinazozungushwa na maji ni za watu wa mitambo, na megawati 235 za kila mashine, jumla 2,115, huongozwa na watu wa umeme. Ni nani kati yao angeondolewa, na taa zikawaka?

Yafaa tukumbuke pia ya kuwa uchaguzi huu ni neema ambayo wazee wetu hawakuwa nayo. Makerere ilianza mwaka 1922 kuwa shule ya ufundi wa useremala, ujenzi na mitambo. Chuo cha ufundi cha Nairobi kilichokuja kuwa Chuo Kikuu kilifunguliwa mwaka 1956, na Kitivo cha Uhandisi cha Dar es Salaam mwaka 1973. Matawi yameongezeka, na yataongezeka. Kwa sababu hiyo twasema, kijana asiyejua bado moyo wake na ashike tawi pana, yaani ujenzi, mitambo au umeme. Ataweza kulipunguza baadaye katika masomo ya juu. Lakini binti aliyekwisha kujua kwamba ataka vifaa vya hospitali, tusimzuie.

Wengine watauliza, mshahara je? Swali si baya, kwani mtu hula kwa kazi yake. Lakini kazi inayotafutwa mwaka huu si lazima itafutwe baada ya miaka minne, bali somo asilolipenda atakuwa nalo kila asubuhi.

Basi kabla ya kuandika, tumwulize kijana mambo matatu. Kwanza, ni somo gani alisomalo bila kusukumwa? Pili, je, ameiona kazi yenyewe japo siku moja? Tatu, je, masomo ya chuo hicho yanatambuliwa na bodi inayosajili wahandisi? Tanzania ina bodi yake kwa sheria ya mwaka 1997, na Kenya kwa sheria ya mwaka 2011. Wala shahada peke yake haimfanyi mtu kuwa mhandisi aliyesajiliwa, mpaka afanye kazi chini ya wenye ujuzi.

Katika swali la pili ndipo sisi tuna uwezo. Wanachama wetu wako katika ofisi za ujenzi, maji, umeme na reli, nao huwaona wahandisi kila siku. Twaomba kila tawi la chama liandike majina ya wanachama walio tayari kuomba ruhusa kwa wakuu wao, ili kijana akapelekwe karakana au penye daraja linalojengwa, akatazame kazi kutwa nzima. Gharama yake ni nauli na barua moja. Na kijana akirudi akisema, "Hii siiwezi," tusimcheke, maana ametuokolea fedha za ukoo na miaka yake minne.