Upepo wa Mwaka Mmoja, Mkataba wa Miaka Ishirini



Karibu na Ziwa Turkana, katika Kaunti ya Marsabit, imesimama mitambo 365 ya kufua umeme kwa upepo. Kila mtambo una uwezo wa kilowati 850, na yote kwa pamoja ni megawati 310. Mwaka 2018 iliunganishwa na gridi ya taifa la Kenya kwa njia ya umeme yenye urefu wa zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa, na umeme wake unauzwa kwa mkataba wa miaka 20. Nauliza jioni ya leo: upepo wenyewe umeahidi nini kwa miaka hiyo 20? Mwenye uwezo wa kujibu ni yule tu aliyeupima kwa miaka mingi, na upimaji huo ndio tunaoupuuza.

Tuanze na hesabu. Nguvu iliyomo katika upepo hufuata kipeo cha tatu cha kasi yake. Upepo wa mita 10 kwa sekunde ukishuka hadi mita 9, kasi imepungua kwa asilimia 10, lakini nguvu imepungua kwa asilimia 27, kwa kuwa 10 × 10 × 10 ni 1,000, na 9 × 9 × 9 ni 729. Ni kweli kwamba upepo ukivuma sana mtambo hujizuia usipite uwezo wake, kwa hiyo umeme wa mwaka mzima haupungui kwa kiasi hicho chote. Lakini hupungua zaidi kuliko upepo ulivyopungua, na marejesho ya mkopo hayapungui.

Je, upepo hubadilika kweli kwa miongo? Mwaka 2010 Robert Vautard na wenzake walichapisha uchambuzi wa vipimo vya vituo 822 vya hali ya hewa katika kizio cha kaskazini. Kati ya 1979 na 2008, upepo wa karibu na ardhi ulikuwa umepungua kwa asilimia 5 hadi 15 karibu katika mabara yote ya kizio hicho. Walikadiria kwamba sehemu ya upungufu huo, kati ya robo na asilimia 60, ilitokana na ardhi yenyewe kuwa na vizuizi zaidi: miti na mimea imeongezeka, na upepo unapopita hukwaruzwa na kupoteza kasi.

Kisha mambo yakageuka. Mwaka 2019 Zhenzhong Zeng na wenzake walionyesha kwamba tangu takriban 2010 upepo ulikuwa umeanza kupanda tena, tena kwa haraka. Miti haikukatwa yote mwaka 2010, wala miji haikuhama. Kwa hiyo vizuizi vya ardhini peke yake havitoshi kuwa maelezo. Watafiti hao waliielekeza lawama kwenye mizunguko mirefu ya bahari na angahewa, ambayo hupasha joto upande mmoja wa bahari na kupoza mwingine kwa miaka kumi au zaidi. Aliyepima upepo wakati wa kushuka aliogopa bure. Atakayepima wakati wa kupanda anaweza kutumaini kupita kiasi. Na ndani ya mzunguko mrefu kuna miaka mibaya: Uingereza ilipata umeme mdogo wa upepo mwaka 2021 kuliko 2020, upungufu wa zaidi ya asilimia 10, ingawa ilikuwa imeongeza mitambo.

Turudi Turkana. Upepo wa pale hupita katika bonde kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya, ukitoka kusini-mashariki, na huwa na nguvu zaidi usiku na alfajiri. J. H. Kinuthia na G. C. Asnani waliueleza kitaalamu mwaka 1982. Upepo huohuo hubeba unyevu wa Bahari ya Hindi kuupeleka bara. Tafiti za karibuni zinaonyesha kwamba mkondo huu ukilegea, unyevu mwingi hubaki na mvua huongezeka Afrika Mashariki. Ukiwa mkali, ukame hukaribia. Hapa pana jambo kubwa kwa nchi inayotegemea pia mabwawa ya Mto Tana: huenda mwaka wa maji haba ukawa ndio mwaka wa upepo mwingi. Lakini gridi haipangwi kwa “huenda”. Mifumo ya kompyuta inayojenga upya hali ya hewa ya miaka iliyopita huukadiria mkondo huu chini ya kasi yake halisi, kwa sababu bonde ni jembamba. Lazima tupime wenyewe.

Na kupima ni kazi ya uangalifu. Kifaa cha kawaida ni vikombe vitatu vinavyozunguka juu ya mlingoti wa mita 10. Beringi ikichakaa, vikombe huzunguka polepole na kumbukumbu huonyesha upepo uliopungua, kumbe kilichopungua ni matunzo. Kituo kilichojengwa uwandani kikizungukwa na nyumba, hupima ukuta wa jirani.

Ninaziomba serikali zetu mambo mawili. Kifaa kipya kisimikwe kando ya cha zamani na vifanye kazi pamoja kwa mwaka mzima kabla ya cha zamani kung’olewa, ili kumbukumbu isikatike. Na kila kampuni inayopewa kibali cha kupima upepo katika ardhi ya umma ilazimike kuvikabidhi vipimo vyake kwa mamlaka ya hali ya hewa baada ya muda uliokubaliwa. Leo vipimo vingi hubaki makabatini mwa wawekezaji, na mradi ukifa navyo hufa.

Gharama ya mlingoti mmoja na mtu wa kuutunza ni ndogo mno mbele ya mkopo wa mradi mmoja wa upepo. Anayetaka kusaini mkataba wa miaka 20 aanze kwa kulipia kumbukumbu ya miaka 20.