Jina la Freretown Lilikotoka



Makanga wakiita abiria wa Kengeleni, anayeshuka hapo amefika Freretown. Kengeleni ni kwa sababu ya kengele ya misheni, iliyopigwa kuwaonya watu majahazi ya wauza watumwa yanapokaribia. Freretown ni jina la mtu.

Sir Bartle Frere, ofisa wa Uingereza, alitumwa Zanzibar mwaka 1872 kumshawishi Sultan Barghash afunge biashara ya watumwa. Hakujenga kijiji chochote hapa. Alipendekeza tu kwamba watumwa waliokombolewa baharini wapewe makao kwenye misheni. CMS, chama cha wamishenari Waanglikana, kikamtuma Mchungaji William Salter Price, aliyewahi kulea Waafrika waliokombolewa kule Nasik, India. Makao yalianza mwaka 1875, na heshima ya jina akapewa Frere.

Walioishi hapa wamo kwenye barua za misheni na madaftari ya ubatizo, na hapo ndipo wengi hukwama. Chengwimbe, Myao aliyetekwa akiwa mtoto, alipelekwa Nasik na kupewa jina la Matthew Wellington. Alikuwa miongoni mwa walioubeba mwili wa David Livingstone hadi pwani. Baadaye akaishi Freretown, na kufariki Mombasa mwaka 1935. Anayetafuta Chengwimbe kwenye karatasi za kanisa huenda asimwone kabisa. William Jones na Ishmael Semler, waliowekwa wakfu kuwa mashemasi mwaka 1885, nao walikuwa Waafrika wa Nasik. Nani angelijua hilo kwa kusoma majina yao tu?

Kwa familia za hapa jambo hili si dogo. Jina la kwanza la babu likipotea, hupotea pia njia ya kujua alitekwa wapi na ndugu zake ni kina nani.

Anayetaka kutafuta aanzie nyumbani: cheti cha ubatizo, Biblia ya familia, na jina ambalo bibi alimwita marehemu wakiwa wawili tu. Kisha aende parokiani akiwa na jina la ubatizo na mwaka, hata wa kukisia. Rabai pia isisahaulike, kwani watu wa misheni hizi mbili walihamiana na kuoana. Barua za CMS zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza. Anayeziulizia atafute pia kwa tahajia ya zamani, Frere Town, maneno mawili.